Vitambaa Vyangu na Samaki Aliyepauka

Siku samaki alipohamia nyumbani kwangu Chonyonyo tulikuwepo watu watano, na kila mmoja nakumbuka alisimama wapi. Nilikuwepo mimi, mwenye nyumba, mlangoni, nikitoa amri. Alikuwepo kijana wangu wa pili, ninayeishi naye tangu baba yake afariki, na mke wake, mkamwana wangu, mzaliwa wa Kanoni. Alikuwepo rafiki yangu mwenye duka la nguo na nyuzi pale Kayanga, mjane kama mimi, ambaye samaki ni wake. Wa tano alikuwa fundi wa madirisha aliyetengeneza tangi jipya la kioo. Huyo ni wa ukoo wetu, ananiita shangazi, na kwa ushangazi huo alikunywa chai yangu vikombe vitatu.

Majina yao yote ninayo, na ya baba zao, na la ng'ombe aliyetoka kwetu kwenda Kanoni kumposea mkamwana. Shule niliishia darasa la nne, lakini somo la majina nilifaulu. Hapa sitayaandika, kwa sababu wote bado wananisalimia na ningependa waendelee.

Samaki mwenyewe ni furu, wale wadogo wa ziwani. Sisi wa huku furu tulimjua akiwa mkavu, ametungwa kwenye kijiti, anafika sokoni akiwa ameshamaliza mambo yake ya dunia. Furu anayeogelea ndani ya nyumba na kulishwa kabla ya wenye nyumba sikuwahi kumwona, mpaka mume wa rafiki yangu alipowaleta kutoka Bukoba ndani ya dumu, amelipakata garini njia nzima. Walikuwa watano: majike wanne wenye rangi ya majivu, na dume mmoja wa buluu. Buluu ile, jamani. Nimetarizi vitambaa maisha yangu yote na sijapata uzi wake. Mkiani dume huyo alikuwa na pengo dogo, kama jani lililong'atwa na panzi. Kumbukeni hilo pengo, maana mimi nilikataa kulikumbuka.

Yule mzee alikuwa kila asubuhi, kabla ya kufungua duka, anavuta kigoda mbele ya tangi na kumpa dume habari za mjini. Alipofariki, mkewe akakirithi kigoda. Nilimcheka siku moja, nikamwambia mtu mzima anaongea na kitoweo. Hakucheka. Alisema, "Vitu vyake vingine vyote nimevikunja kabatini. Huyu ndiye pekee anayenitazama."

Basi mwaka huu tangi la zamani lilianza kuvuja pembeni, na wakati huohuo zikaja habari kwamba dada yake wa Tanga anaumwa na anamwita. Duka lingefungwa, nyumba ingefungwa, samaki wangebaki na nani? Fundi akaharakisha tangi jipya, kubwa kuliko la kwanza, na mimi nikajitolea liletwe kwangu. Hakuna aliyenilazimisha. Nilisema mbele ya watu wote hao niliowataja kwamba nimelea watoto saba, ng'ombe, na mama mkwe mgonjwa miaka minne, samaki watano watanishinda nini. Rafiki yangu alinishika mkono akasema anajua. Neno hilo, kwamba anajua, lilinirudia siku zote zilizofuata.

Niseme pia kwamba mimi na yeye tuna vita vya zamani. Hakuna kati yetu ajuaye mwaka aliozaliwa, kwa hiyo hatujui nani amwamkie mwenzake. Tukikutana kila mmoja anasubiri shikamoo ya mwingine, tunasimama kama mbuzi wawili kwenye daraja la mti mmoja, mpaka mtu anapita na kutusalimia wote. Siku ile aliondoka bila kuniamkia, na mimi sikumwamkia.

Tangi tuliliweka sebuleni juu ya kabati fupi. Kuta zangu nusu ya chini zimepakwa rangi ya mafuta, kahawia iliyokolea kama kahawa iliyokaangwa vizuri, ili mikono ya wajukuu isionekane. Nikalitazama tangi, kioo kitupu mbele ya ukuta ule wa giza, nikaona aibu. Nyumbani kwangu hakuna kitu kinachokaa uchi. Viti vina vitambaa, meza ina kitambaa, redio ina chake, runinga ina chake chenye maua pembeni, hata mtungi wa maji una cha kufunika mdomo. Vyote nimetarizi mwenyewe, vyeupe, kwa nyuzi za dukani kwa rafiki yangu huyohuyo. Mgeni alipofika kwetu zamani tulimtandikia majani mapya sakafuni. Siku hizi sakafu ni ya saruji, kwa hiyo mgeni tunamtandikia vitambaa. Samaki alikuwa mgeni. Nikatoa vitambaa vinne vikubwa, vile vya Krismasi, nikafunika nyuma ya tangi na ubavu wa kulia na wa kushoto, na cha nne nikakilaza chini yake. Pakang'aa kama madhabahu. Mkamwana alikuja akatazama, akasema polepole kwamba labda samaki wanapenda kivuli. Nikamwambia kwamba Kanoni labda, Chonyonyo tunapenda mwanga.

Jambo la pili nililolifanya silisemi kwa furaha. Rafiki yangu aliacha kopo la chakula chao, chembe kama pumba, na akaniambia nitie kidogo tu, cha kubana kwa vidole viwili. Nilifanya hivyo siku tatu nikaona dhambi. Mgeni hakai nyumbani kwa Mnyambo siku tatu bila kuonja ndizi. Siku ya nne nikawapondea kipande cha ndizi iliyopikwa, laini kabisa, bila chumvi. Majike walikionja na kukitema. Dume hakukisogelea hata. Kesho yake maji yalikuwa kama rubisi, pombe yetu ya ndizi, iliyochacha.

Ilikuwa Jumapili. Mimi nilikwenda ibadani, na nikiwa huko mkamwana, bila kusema na mtu, aliwatoa samaki akawaweka kwenye beseni, akasafisha tangi, akatia maji yaliyolala, akawarudisha. Aliosha hata kopo. Niliporudi nilikuwa bado na miwani usoni, ile ninayoivaa kanisani tu ili nisome namba za nyimbo. Nikainama kumwangalia dume. Hakukuwa na dume. Palikuwa na samaki wa ukubwa wake, umbo lake, amesimama pale dume alipozoea kusimama, lakini rangi yake ilikuwa ya vumbi. Kijivu. Ukiwapanga na majike usingejua nani ni nani, isipokuwa kwa unene.

Sasa sikilizeni jinsi kichwa cha mtu mzima kinavyofanya kazi. Mkamwana ana kaka yake Kanoni, na kaka huyo amechimba bwawa la sato nyuma ya migomba yake. Sato ni samaki wa kijivu. Kwangu mambo yakajipanga yenyewe kama ushanga. Dume amekufa kwa kuhamishwahamishwa. Mkamwana ameogopa. Ametuma kwa kaka yake, akaletewa sato mchanga, akamtia mle akidhani bibi kizee haoni. Yote hayo kati ya wimbo wa kwanza na sadaka. Kanoni na kurudi.

Nikamwita. Alikuja akifuta mikono kwenye khanga.

"Huyu ni nani?" nikamuuliza.

"Ni yeye, Mama."

"Yeye nani?"

"Bwana wa buluu."

"Buluu iko wapi?"

Akainama akatazama, na mimi nikamtazama yeye nione kama uso utamsaliti. Akaniambia niangalie mkia, pengo ni lilelile. Niliangalia. Pengo lilikuwepo, mahali palepale. Na mimi, mwenye kujisifu kwa kumbukumbu, nilisema maneno ambayo kijana wangu bado hunirudishia tukiwa mezani: "Pengo hata mkasi unakata."

Mkamwana alikwenda jikoni. Siku hiyo na zilizofuata alinipa shikamoo yake asubuhi kama kawaida, akanitengea chakula kama kawaida, akaniita Mama kama kawaida, lakini hakuniambia neno lolote jingine. Mume wake alijaribu kunieleza kwamba hata senene huwa wa kijani na wa kahawia, na mimi nawala wote bila kuuliza ukoo. Nikamwambia senene hajabadilishwa nikiwa kanisani.

Kilichoniumiza zaidi ni simu. Rafiki yangu alipiga kila baada ya siku mbili. Aliuliza habari za nyumbani, akauliza mvua, kisha sauti ikashuka akauliza, bwana mkubwa hajambo? Nami nikasema hajambo, anakula, anakusalimu. Nilikuwa nasimama mbele ya tangi nikisema hivyo, na yule wa kijivu ananitazama. Mara mbili nilidanganya hivyo. Mara ya tatu niliona afadhali aibu ya leo kuliko ya kesho, lakini sisi habari mbaya hatuzisemi kwenye simu. Mtu akifiwa unamwambia njoo, fulani hajisikii vizuri, na yeye mwenyewe atajua njiani. Kwa hiyo nilimwambia, "Ukimaliza ya huko, dada, uje. Mzee si yule uliyeniachia."

Nilisikia kuku wa Tanga wakilia nyuma yake. Halafu akasema, "Basi," akakata. Dada yake alikuwa amepata nafuu, namshukuru Mungu, kwa sababu rafiki yangu alipanda basi kesho yake. Siku mbili barabarani, na mwili wenyewe ule, kuja kuomboleza samaki ambaye alikuwa hai.

Nilipoambiwa anafika Alhamisi, Jumanne nilianza usafi. Ukimkosea mtu hutaki pia akute vumbi. Nilivua vitambaa vyote vya nyumba, vya viti, vya meza, na vile vinne vya tangi, nikavifua, nikavitia wanga, nikavianika. Mvua ikanyesha Jumanne hiyo jioni, ikanyesha Jumatano mchana. Vitambaa vikakaa kwenye kamba ya varandani, havikauki wala haviozi. Tangi likabaki uchi mbele ya ukuta wa kahawia. Sikulitazama. Nilipita sebuleni nimegeuza uso kama mtu anayepita duka analoogopa kuulizwa.

Alhamisi asubuhi niliingia kufungua dirisha. Kitu cha buluu kikapita pembeni ya jicho langu. Nikaenda kutafuta miwani, nikarudi. Dume alikuwa katikati ya tangi, buluu tupu, mapezi ameyatandaza, anawafukuza majike kama mwenye nyumba aliyerudi safari na kukuta mambo hayaendi.

Mtu mwenye akili hapo angejiuliza swali. Mimi nilikwenda moja kwa moja jikoni, nikamwambia mkamwana kwa upole wa mtu anayesamehe: "Umefanya vizuri kumrudisha."

Alikuwa anamenya ndizi. Kisu kikasimama. Akanitazama muda mrefu, na niliona anachagua kati ya kulia na kucheka, kisha hakufanya lolote kati ya hayo mawili. Akaendelea kumenya.

Rafiki yangu alifika kabla ya saa sita, ameletwa na pikipiki kutoka Kayanga, amejifunga mtandio wa giza. Hakuna aliyemwamkia mwenzake. Alipita akaenda kwenye tangi, akasimama. Mimi nilikuwa nyuma yake nimeshika kiti, nimeandaa maneno. Akainama, akauona mkia. Akagusa kioo kwa kidole kimoja. Mabega yake yalishuka kama mtu aliyetua kuni.

"Si ndiye huyu," alisema.

Nikasema amerudi. Akaniuliza alikuwa ameenda wapi. Hilo sikuweza kulijibu mbele ya mkamwana, kwa hiyo nilisema akae kwanza, apumzike, tumtengee meza. Na kwa kuwa nyumba ilikuwa uchi na mgeni amefika, nikatoka varandani, vitambaa vilikuwa vimekauka, nikavipiga pasi upesi na kuvirudisha vyote mahali pake: viti, meza, redio, runinga, na tangi. Vinne vilevile, vikali kwa wanga, vyeupe kama mayai.

Tulikula. Tuliongea habari za dada yake, za njiani, za abiria aliyesafiri na jogoo. Kijana wangu alirudi kutoka shambani akajiunga. Tulikuwa kwenye chai, na jua la mchana limeingia dirishani na kupiga kwenye vile vitambaa, mkamwana alipoweka birika chini na kusema neno lake la kwanza lisilo salamu tangu Jumapili ile.

"Mama, mtazame."

Tukageuka wote. Buluu ilikuwa inamtoka. Siwezi kueleza vizuri zaidi ya hivyo. Kichwani ilikuwa bado imebaki kidogo, ubavuni ilishakuwa moshi. Hakuna aliyekuwa ametoka chumbani. Hakuna aliyekwenda Kanoni. Mkasi ulikuwa kwenye kikapu changu cha kushonea, na kikapu kilikuwa miguuni pangu.

Rafiki yangu ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka akashika ubavu. Alinikumbusha kwamba lile tangi la zamani mumewe alikuwa amelipaka rangi nyeusi nyuma, kwa brashi, mimi nikiwepo, na nilimwambia anaharibu kioo kizuri. Yule mzee aliwahi kumweleza kwamba furu huyu ziwani anakaa kwenye mawe meusi. Akiwa kwenye giza anajiona kwake, anavaa rangi yake. Ukimweka penye weupe pande zote hana pa kujificha, basi anapauka ili ndege asimwone. Na akihamishwa tu, hata bila weupe, siku za kwanza anakuwa mnyonge, maana hajajua kama mahali ni pake. Sikumbuki kama nililisikia hilo siku ile. Labda nililisikia na nikawa nachagua uzi.

Mkamwana alivua vitambaa vya tangi, kimoja kimoja, akavikunja vizuri akaniwekea magotini. Rafiki yangu akatutazama, mimi na yeye, akamuuliza kijana wangu kuna nini hapa, na kijana wangu, ambaye sijui nilimlea wapi, akamweleza yote, pamoja na mkasi.

Rafiki yangu hakucheka tena. Akaniambia, "Mimi nimekuja siku mbili kwa basi na nimemkuta mzima. Wa kuombwa radhi hapa si mimi."

Nilijua. Lakini mama mkwe wa kwetu hamwombi mkamwana radhi, hata neno lake sijui linaanza na nini. Nikainuka nikaenda jikoni, nikachukua kisu na fungu la ndizi za jioni, nikakaa kwenye kigoda nikaanza kumenya. Tangu aolewe humu sijamenya ndizi. Ni kazi niliyomkabidhi siku ya tatu ya ndoa yake na sikuigusa tena. Alinifuata mbio, akasema Mama acha, utajikata. Nikasema leo kaa wewe. Akakaa juu ya dumu. Nilimenya vibaya, naacha maganda nusu, utomvu umenijaa vidoleni.

Nikamweleza jambo ambalo sikuwahi kumweleza. Nilipoolewa kutoka Rugu kuja hapa, nilifungiwa chumba cha ndani kama bibi harusi wa zamani, sioni jua. Sili kwa aibu, naongea kwa kunong'ona. Nilipotolewa, mama mkwe wangu alinishika kidevu akanigeuza kwenye mwanga, akamwambia shemeji yake kwa sauti ambayo niliisikia: huyu siye tuliyeonyeshwa Rugu, yule alikuwa na uso wenye damu, hawa wametupa mdogo wake. Walituma mtu Rugu kuhakikisha. Kweli walituma, na jina la aliyetumwa ninalo. Nililia wiki nzima. Na niliapa kwamba mimi nikipata mkamwana sitamfanyia hivyo.

"Na hukunifanyia," akasema. "Umemfanyia samaki."

"Nilikusingizia wewe, mwanangu. Samaki nilimvisha tu."

Akanipokonya kisu, akasema kwa umenyaji huu tutakula usiku wa manane. Lakini alikuwa anatabasamu, na alianza kunisimulia habari za kaka yake na lile bwawa, kwamba sato wake wameliwa na fisi maji, hajabaki hata wa kukopesha. Nilirudi sebuleni nikamkuta rafiki yangu amevuta kigoda mbele ya tangi, anampa dume habari za Tanga. Buluu ilikuwa inarudi kutoka kichwani kuelekea mkiani. Nikasimama nyuma yake. Hakugeuka.

"Shikamoo," nikamwambia.

"Marahaba," akajibu, bila kusita hata kidogo, kana kwamba alikuwa ameishika mdomoni miaka yote.

Tangi liko kwake sasa, na fundi amelipaka nyeusi nyuma, kwa chai ya huko. Vitambaa vinne nimempa mkamwana. Ameviweka juu ya runinga yake chumbani, na runinga haijabadilika rangi.

Nimeandika kama ninavyokumbuka. Mkamwana amesoma na anasema vitambaa vya tangi vilikuwa vitatu, cha nne kilikuwa cha redio. Fundi ameniapia kwamba chai ilikuwa vikombe viwili. Rafiki yangu anadai shikamoo niliisema mara mbili, jambo ambalo nalikataa. Kama ulikuwepo, au ulisikia kwa aliyekuwepo, na mahali nimepotea, nikute Jumapili baada ya ibada unisahihishe. Saa hiyo nakuwa na miwani.